Lenora Aasen Prater na Boti ya Kuvutwa kwa Tela

Ndugu, majirani wa bonde hili, walimu wenzake na wanafunzi wake mliofika leo hapa Ellensburg, familia ya Prater imenituma mimi, Marit, binti wa marehemu, nisimame mbele yenu niwasomee maisha ya mama yetu kama alivyoyaishi, na naomba mnivumilie nikikwama mahali, maana baba yetu, Wendell, amekaa hapa mbele na ameniambia nisome polepole na nisipunguze kitu.

Lenora Ruth Aasen alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kisiwa cha Lopez, jimbo la Washington, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Halvor Aasen, aliyekuwa akipeleka barua na vifurushi kwa boti kutoka kisiwa hadi kisiwa, na mkewe Petra, kaka yake Sigurd akiwa amemtangulia kwa miaka minne. Alijua kupiga makasia kabla ya kujua baiskeli, na mpaka uzeeni aliweza kutazama majani ya bahari yaliyoshika kwenye nguzo za gati na kukwambia maji yanakwenda upande gani na yatageuka saa ngapi.

Alianza shule kisiwani mwaka 1944, akaendelea na sekondari mjini Anacortes akikaa kwa shangazi yake, akamaliza Juni 1956, na Septemba mwaka huo huo akavuka milima kuja chuo cha ualimu hapa Ellensburg, ambako alihitimu katika hisabati mwaka 1960. Alituambia kwamba wiki ya kwanza alilia kila alipofua nguo, kwa sababu zilikauka kabla hajamaliza kuzianika, na hakuwa amewahi kuona hewa kavu ya namna hiyo. Hata hivyo alibaki, akafundisha hisabati katika sekondari moja tu, tangu Septemba 1960 hadi Juni 1998, miaka thelathini na minane, akisahihisha kwa wino wa kijani, na wengi mliomo humu ndani mnazo karatasi zake mpaka leo.

Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Wendell Prater, mkulima wa nyasi za farasi, mtu wa urefu wa futi sita na inchi nne, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga chombo chochote cha majini. Kabla ya kumkubali, mama alimpa sharti moja, na baba amelisimulia mara nyingi mezani.

"Kila mwaka nataka siku kumi kwenye maji ya chumvi," alimwambia.

"Kati ya mkato wa kwanza na wa pili wa nyasi nina siku tano, Lenora. Nyasi hazinisubiri."

"Basi tano. Lakini ziwe tano kweli, usiniletee tatu."

Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1965 na mdogo wangu Curtis mwaka 1968, na kwa miaka kumi ya mwanzo siku tano zile tulizitumia nyumbani kwa babu Halvor, lakini bahari ya kuiona dirishani haikumtosha mama, na majira ya kupukutika majani ya mwaka 1972 alibandika karatasi kubwa ya miraba kwenye ukuta wa jikoni, akaanza kuchora boti.

Tatizo lake lilikuwa hili, kwamba boti nzuri ya bahari ile ni nzito, pana, na ina mkuku unaoshuka ndani ya maji, nayo hukaa gatini mwaka mzima ikimsubiri mwenyewe, ilhali mke wa mkulima anayeishi mwendo wa saa tatu kutoka pwani, mwenye siku tano tu, anahitaji boti inayokaa bandani, inayovutwa kwa tela nyuma ya pikapu na kupanda milima bila kuchemsha injini. Sheria ya barabara ilitaka upana usizidi futi nane, pikapu ya baba haikuweza kuvuta zaidi ya tani moja na nusu, na mlango wa banda ulikuwa na kimo chake, kwa hiyo kila alichokiongeza upande mmoja kiliondoka upande mwingine. Akirefusha kitanda, jiko lilitoka nje. Akiinua paa ili watu wasimame, upepo uliisukuma boti pembeni. Akiweka mbao nene chini, tela ililalamika. Karatasi ile ilifutwa na kuchorwa upya mpaka ikatoboka.

"Kitanda hiki kinanifika magotini tu," baba alisema, akipima kwa mkono pale ukutani.

"Basi kunja magoti."

"Usiku kucha?"

"Kwa siku tano, Wendell. Siku mia tatu na sitini zingine utalala kama mfalme."

Uamuzi uliomchukua muda mrefu kuliko wote ulihusu sehemu ya chini ya boti, kwa sababu umbo lenye ncha kali lingekata mawimbi vizuri lakini lingekuwa zito na lingehitaji maji mengi, na umbo la bapa lingekuwa jepesi, lingefika hadi ufukweni, lakini lingepigwapigwa likikutana na bahari mbaya. Akachagua la bapa. Alijua anachokiacha, akakiandika pembeni mwa mchoro kwa wino ule ule wa kijani: haitavuka siku mbaya.

Waliijenga wenyewe ndani ya banda la nyasi, kwa plaiwudi na gundi, tangu Novemba 1972 hadi Juni 1974, futi ishirini na mbili, yenye vitanda vinne vyembamba, choo nyuma ya pazia na jiko la vichomeo viwili, na baba ndiye aliyeipaka jina ubavuni, Inatosha. Ilishushwa majini Anacortes tarehe 6 Julai 1974, na siku hiyo hiyo baba aligonga kichwa darini mara tatu.

Miaka iliyofuata ndiyo ambayo mimi na Curtis tukikutana hatuachi kuizungumza, pancake zilizopikwa sahani moja moja huku watatu wakisubiri nje kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukaa, kaa waliochemshwa ufukweni ndani ya ndoo, mvua ikigonga plaiwudi inchi chache juu ya uso wako, harufu ya kahawa na petroli na soksi za baba. Na kwa kuwa ilikuwa boti ya tela, hatukufungwa na bahari moja, tuliishusha ziwa Chelan, tuliishusha mto Columbia, tuliipeleka hadi Idaho, na hali ya hewa ikiharibika pwani mama aliigeuza pikapu na kutafuta jua upande huu wa milima. Kaka yake Sigurd, aliyekuwa na boti ya mbao ya futi thelathini na nane pale Lopez, aliicheka kila tulipofunga kamba ubavuni mwake.

"Dada, hili ni beseni lenye madirisha!"

"Lako limetoka gatini mara ngapi mwaka huu, kaka?"

"Mara mbili."

"Basi nyamaza."

Sasa nafika kwenye siku ambayo mama aliagiza isomwe, kwa mkono wake mwenyewe, akisema isiachwe. Ijumaa tarehe 5 Agosti 1983, mchana, Sigurd alipiga simu kwamba babu Halvor, aliyekuwa na miaka themanini, anazidiwa na anamuulizia Lenora. Nyasi za mkato wa pili zilikuwa chini, baba akaziacha, tukaifunga boti kwenye tela, mama, baba na mimi, tukafika Anacortes karibu saa moja jioni, na kivuko cha mwisho cha Lopez kilikuwa kimeshaondoka. Mama akaishusha boti. Tulipotoka kwenye mfereji na kuuona mlango wa bahari wa Rosario, upepo ulikuwa ukitoka kusini na maji yakitoka kaskazini kwa nguvu, na vilipokutana mawimbi yalisimama wima kama ngazi, meupe, mpaka ng'ambo. Aliingia. Boti ilipanda wimbi la kwanza ikaanguka kwa kishindo, ikapanda la pili, sahani zikatoka kabatini, la tatu likavunja kioo cha mbele na maji yakajaa miguuni.

"Rudi, Lenora," baba alisema.

"Ni maili nne tu."

"Marit yumo humu."

Mama alinitazama. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeshika ndoo, na sitasahau alivyonitazama, kama mtu anayesoma jibu asilolitaka. Alisubiri nafasi kati ya mawimbi mawili, akageuza. Tulivuka kwa kivuko cha kwanza asubuhi, tukakuta babu amefariki saa kumi alfajiri.

Sigurd alikuwa mlangoni. "Ungekuwa na boti ya maana ungefika," alimwambia, mbele ya watu, na hawakusemeshana tena kwa karibu miaka kumi na moja. Mama hakuiuza boti, na kila mwaka alitimiza siku zake tano, lakini kwenye maziwa tu, na mara nyingi nilimkuta bandani peke yake, mkono kwenye ubao wa chini wa boti, na najua alikuwa akiihesabu upya, kama angeongeza zile inchi na ule uzito, kama angechagua umbo lile lingine, je, asingefika?

Juni 1994, Sigurd, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe na kuiuza boti kubwa kwa kuwa mikono yake haikuweza tena kamba, alipiga simu.

"Lenora. Bado unalo lile beseni?"

"Ninalo."

"Lina nafasi ya mzee mmoja?"

"Akiinama."

Mwezi uliofuata mama na baba waliivuta boti hadi Anacortes, wakavuka Rosario asubuhi moja bahari ikiwa shwari, wakamchukua Sigurd kule Lopez, na siku ya tatu wakati wa kurudi, katikati ya mlango ule ule wa bahari, Sigurd aliomba injini izimwe. Mama alitusimulia maneno yake mara moja tu.

"Baba aliniagiza jioni ile," Sigurd alisema. "Aliniambia, washa boti, nenda ukamlete Lenora. Nikaenda mpaka gatini, nikayatazama maji, nikarudi nikamwambia injini imekataa kuwaka."

"Ilikataa?"

"Ilikuwa nzima. Ni mimi niliogopa. Akafa akiamini injini ni mbovu, na mimi nikakuangushia wewe lawama."

Maji yaliwachukua kidogo kidogo kuelekea kusini, na baba, aliyekuwa amejikunja chumbani akisikia yote, anasema alifika mahali akadhani mama ameruka baharini.

"Miaka kumi na moja, Sigurd," mama alisema mwishowe.

"Najua."

"Kila mwaka nilikuwa naichora upya ile boti."

"Najua, dada. Nisamehe."

Mama alimmiminia kahawa, akaondoka kwenye usukani. "Endesha wewe," alimwambia. "Nimechoka, nataka nikae." Tangu hapo Sigurd alisafiri nasi kila mwaka, akilalamikia kitanda, mpaka alipofariki Februari 2003, na mama ndiye aliyemshika mkono.

Mwaka 2012, baba alipokuwa hawezi tena kurudisha tela nyuma, boti ilichukuliwa na mume na mke vijana kutoka Yakima, na mama aliwatembeza kuanzia mbele hadi nyuma akiwatajia kasoro moja moja, itawapigapiga, haina pa kusimama, choo kinasikika, siku mbaya msivuke, hadi yule mwanamke akamuuliza, "Sasa wewe mama, kwa nini ulikaa nayo miaka yote hii?" Mama akasema, "Kwa sababu ilitoka bandani."

Mei 2018 alianza kuishiwa pumzi, na madaktari wa Yakima wakagundua kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa. Daktari alimweleza kwamba akipasuliwa Seattle huenda akapata miaka mitatu, lakini miezi mingi ya mwanzo ataimaliza hospitalini na kwenye kituo cha wagonjwa, na asipopasuliwa ni kama mwaka mmoja, nyumbani.

"Nyumbani nitalala kitanda kimoja na huyu?" mama aliuliza, akimwonyesha baba.

"Ndiyo."

"Basi tumemaliza, daktari. Asante."

Alipata miezi kumi na saba. Jumatano tarehe 9 Oktoba 2019, asubuhi, alikula nusu ya pancake kwa jamu, mchana akaomba kitanda kisogezwe dirishani, na karibu saa tisa alasiri akamuuliza baba, "Nyasi za shamba la juu zimeingia?"

"Zimeingia."

"Zote?"

"Zote, Lenora."

Alifumba macho, na muda mfupi baadaye akatuacha, akiwa na miaka themanini na mmoja, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Yakima waliomjibu kila swali bila kumficha, wauguzi waliokuja nyumbani hadi siku ya mwisho, walimu wenzake waliokuja kila Alhamisi kucheza naye karata, na wanafunzi waliomwandikia barua kutoka kila pembe. Shukrani za pekee ziwaendee majirani, na hapa baba ameniruhusu niseme kwamba alichomwambia mama hakikuwa kweli, marobota mia mbili ya nyasi yalikuwa bado nje, na mawingu yalikuwa yamefunga. Hakuna aliyewaita. Mlikuja na matrekta yenu mkiwa hamjajua hata kama amefariki, na kabla jua halijazama mlikuwa mmeyaingiza yote, hadi la mwisho.

Mama yetu, mwalimu wetu, Lenora wa Wendell, sasa ni kweli, nyasi zote ziko ndani. Pumzika kwa amani.