Kabari ya Mlango Usiokuwepo

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkuu wa Chuo chetu. Mheshimiwa Meneja wa kiwanda, uliyetugharimia turubai, viti na chakula cha leo. Walimu na wafanyakazi wa chuo. Mama yetu, mke wa mwalimu tunayemuaga. Wazazi, ndugu wageni waalikwa. Wanafunzi wenzangu, na hasa ninyi wa mwaka wa pili mnaoondoka Jumatatu kwenda viwandani: nawasalimuni nyote, kila mmoja kwa heshima yake. Na wewe Pacha, uliyekaa mstari wa nyuma kabisa karibu na spika, nakusalimu peke yako.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba niwe mfupi na niwe mtamu. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Tumekuja kumuaga mwalimu wetu, mkuu wa mafunzo ya viwandani, ambaye kuanzia kesho ni mstaafu. Wazazi mnamjua kwa cheo chake. Sisi wanafunzi tunamjua kwa jina jingine, na leo, Mwalimu, uniwie radhi, siri inatoka: tunakuita Vidole Kumi. Jina hilo umejipa mwenyewe. Siku ya kwanza alitusimamisha mbele ya mashine ya kugonga bati, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akapaza sauti: "Mikono miwili, vitufe viwili, vidole kumi! Semeni!" Tukasema. "Sijasikia!" Tukasema tena, mpaka wapishi wa chuo wakatoka nje kuchungulia.

Kwa ambao hamjaiona mashine hiyo, nieleze kidogo. Ni nyundo kubwa inayoshuka bila kushikwa na mtu. Bati linaingia bapa, linatoka limekuwa mfuniko wa sufuria. Ili nyundo ishuke, sharti ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kulia na kimoja kushoto, hivyo inaposhuka mikono yako yote miwili iko nje. Aliyeibuni hakutaka usalama wa mtu utegemee akili yake siku aliyochoka. Haya yote alitufundisha mwalimu wetu, na alitufundisha vizuri. Hapo simpaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Sijapata mwalimu anayefundisha kama yeye.

Mwaka wetu wa mafunzo ulipofika, mimi na mwenzangu tulipangiwa kiwanda cha masufuria. Hatuna undugu hata wa kuokoteza, lakini tulipewa chumba kimoja, mashine moja, na hata malapa tulikuwa tunavaliana, basi wafanyakazi wakatuita Pacha, nasi tukaishia kuitana hivyo hivyo. Pacha ni mtu wa shoto. Mliosoma naye mnakumbuka michoro yake, jinsi mwalimu alivyokuwa akiibandika ukutani na kutuambia sisi wengine tukajifunze kushika penseli.

Asubuhi ya kwanza msimamizi wa zamu alitutazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Chuo kimeishia getini, warembo. Humu ndani ni kazi." Akatoa mfukoni kipande cha mti, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Kabari. Akaichomeka kati ya kitufe cha kushoto na ukingo wake wa chuma, kitufe kikabaki kimebonyea. "Huyu ndiye kibarua wangu wa kushoto," akasema. "Haumwi, haendi msibani. Mkono wa kushoto unalisha bati, wa kulia unabonyeza. Mifuniko inatoka chapuchapu."

Pacha akasema, "Lakini mzee, chuoni tumefundishwa mikono miwili."

Karakana nzima ikacheka. "Basi rudi chuoni," msimamizi akamjibu, "ukagonge mifuniko ya karatasi."

Dada mmoja wa kitengo cha kufungasha alitufuata wakati wa mapumziko. Alituambia, "Wadogo zangu, sisi hapa tuna watoto. Tukifungua mdomo tunamwaga unga. Lakini ninyi mna mwalimu, na mwalimu wenu akisema, hawa watamsikiliza. Mngojeni."

Tukamngoja. Ndugu wageni waalikwa, mmewahi kumngoja mtu mpaka mkaanza kuitambua sauti ya gari lake kabla hamjawahi kulisikia? Kila gari lililoingia uani, Pacha alinigonga kiwiko. Jioni tulikuwa tunapanga nani ataanza kusema na nani atadakia. Pacha alisema ataanza yeye, kwa sababu mimi nikikasirika nachanganya maneno.

Hatimaye mwalimu akaja. Kabla hajashuka garini mlinzi wa getini alikuwa ameshapiga simu ndani, msimamizi akapiga makofi, kabari ikang'olewa, mashine ikafutwa vumbi, nasi tukapewa glavu mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi ya dukani. Mwalimu akaingia na Mheshimiwa Meneja. Pacha akagonga mfuniko mmoja kwa mikono miwili, safi kabisa. Mwalimu akainua mikono juu akasema, "Vidole kumi!" Wakubwa wakacheka, tukacheka.

Halafu akaiona kabari. Ilikuwa imewekwa dirishani. Akaichukua, akauliza, "Hii ni ya nini?"

Pacha akaanza, "Mwalimu, hiyo ndiyo..."

"Ya kuzuia mlango, mwalimu," msimamizi akadakia. "Upepo unasumbua."

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Aliigeuza ile kabari. Ilikuwa na rangi ya kijani ya mashine, na upande mmoja ilikuwa na alama ya duara, imedidimia kwenye mti, ukubwa sawasawa na kitufe. Mtu aliyeshika vyuma maisha yake yote aliitazama alama hiyo, akakitazama kitufe, akamtazama Pacha. Kisha akasema, "Ahaa. Mlango." Akairudisha dirishani taratibu.

Ndugu zangu, karakana ile haina mlango. Ina pazia la plastiki, lile zito la vipande vipande. Lilikuwa limemvua kofia mwalimu wetu wakati anaingia, na mimi ndiye niliyemwokotea.

Wakaenda kunywa chai ofisini. Gari lake halijavuka geti, kibarua wa kushoto alikuwa amesharudi kazini.

Yaliyofuata sitayarefusha, maana kuna watu wanataka kula. Ilikuwa karibu na chakula cha mchana. Bati lilikwama. Pacha akaingiza mkono wa kushoto alinyooshe, wa kulia ukagusa kitufe, na kwa kuwa kile kingine kilikuwa kimebanwa, mashine ikafanya ilichoambiwa. Watu wote walimkimbilia Pacha. Msimamizi aliikimbilia kabari. Aliing'oa, akaitupa kwenye pipa la mabaki ya bati, na wakaguzi walipokuja walikuta mashine nzima, vitufe viwili, haina kasoro.

Mwalimu alikuja hospitali. Alisimama miguuni pa kitanda, mama yake Pacha akiwa amekaa pale, akasema, "Binti yangu, mimi nilikufundisha nini?" Pacha, na dawa zote zile kichwani, akajibu kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mikono miwili, vitufe viwili." Hakumalizia. Vitatu havikuwepo tena.

Na chuo kikaulizwa, kwa nini ajali imetokea? Chuo kikamuuliza mwalimu. Mwalimu akajibu neno moja: uzembe. Mwanafunzi alifundishwa, hakufuata. Jumba bovu likamwangukia Pacha, na mwanafunzi aliyeumia kwa uzembe wake hawezi kuendelea na masomo, ndiyo kanuni. Mimi nilisema. Nimesema kwa kila mwenye ofisi hapa chuoni, nikaambiwa nina uchungu wa rafiki, nitulie, utapita. Haujapita. Nina hasira leo kama siku ile, na sioni aibu kuwaambia.

Mwalimu wetu amesifiwa hapa tangu asubuhi, nami naomba niongeze sifa zangu. Ni mtu wa amani. Katika utumishi wake wote hajawahi kugombana na kiwanda hata kimoja. Ni mtu wa imani: akiambiwa mlango, anauona mlango. Ni mwalimu ambaye somo lake halipotei bure, maana somo alilotufundisha ili litulinde, aliweza kulitumia tena kutuhukumu. Wangapi wanaweza hivyo? Mheshimiwa Meneja naye nampongeza. Mifuniko ile inayong'aa pale kwenye meza ya chakula ni ya kiwanda chake, na wengi wetu leo tutaifunua bila kuwaza lolote.

Kwa nini nayasema haya kwenye sherehe ya mtu? Kwa sababu ya Jumatatu. Wadogo zangu wa mwaka wa pili, wawili wenu mmepangiwa kiwanda kile kile, mashine ile ile. Kibarua wa kushoto anawasubiri, mti haukosekani. Na maadamu neno uzembe limesimama, kiwanda ni kisafi, na hakuna wa kuwazuia msiende. Anayeweza kuliondoa neno hilo ni mmoja tu, na uwezo huo anao mpaka jioni hii. Kesho atakuwa mzee wetu wa mtaani, tutamwamkia, lakini neno lake halitamzuia mwanafunzi hata mmoja kupanda gari.

Jana nilimuuliza Pacha kama niseme au ninyamaze. Aliniambia, "Sema. Lakini usilie, maana ukilia watakuonea huruma, wakishakuonea huruma hawakusikilizi tena." Mnaniona. Silii. Niliomba na yeye asimame hapa mbele tutoe zawadi pamoja, akakataa. Mmemwona alivyovaa mikono mirefu katika jua hili.

Mwalimu, darasa letu limekununulia saa ya ukutani, ile pale kwenye boksi kubwa. Hii ndogo niliyoshika ni ya Pacha na mimi. Tumeifunga kwa karatasi ile ile ya maua ili isijisikie mnyonge. Niliitoa kwenye pipa siku ile, mikono yangu ikachanika na mabati. Sikuiosha wala kuipiga msasa. Alama ya duara ipo, rangi ya kijani ipo, na mengine yaliyoongezeka yapo.

Una hiari nayo. Unaweza kuipeleka nyumbani. Mama yupo hapa, atathibitisha kwamba kwenu milango ipo, na upepo ukisumbua itakufaa. Au unaweza kuifungua hapa hapa, mbele ya Mkuu wa Chuo na mbele ya Meneja. Ratiba inasema baada yangu linafuata neno la mstaafu, na kipaza sauti kitakuwa chako. Nawaomba ninyi wa mwaka wa pili, akishaifungua, mumuulize kwa heshima, kwa sauti moja, swali ambalo yeye mwenyewe aliliuliza mapema kuliko sisi sote: "Mwalimu, hii ni ya nini?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, mabibi na mabwana, mmenivumilia, mmenipa masikio yenu hata mahali palipouma, nami nawashukuruni kwa moyo wangu wote.

Mwalimu Vidole Kumi, karibu mbele upokee. Kwa mikono miwili, tafadhali.