Gunnvor Teigland, Aliyetuua kwa Zamu

Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili, Gunnvor Teigland anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuandika riwaya na miswada ya filamu katika kampuni yetu hapa Skarvdal. Muda huo wote, kama ilivyo desturi ya nchi yetu, kila Pasaka mtu ameuawa kwenye tamthilia ya televisheni, na kila aliyeuawa ameuawa na yeye. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa meza yangu imekuwa jirani na yake tangu nilipokuwa na nywele. Mimi si mwandishi. Kazi yangu ni kupanga siku za kupiga picha na kuhakikisha theluji ipo, kwa hiyo mnivumilie.

Gunnvor hakuanza na riwaya. Alianza kwenye gazeti la bondeni, akichapa matangazo ya vifo, na huko alifanya kosa ambalo wazee bado wanalicheka. Aliyekufa alikuwa kaka wa mtu aitwaye Torleiv Brekke. Gunnvor akachapa jina la Torleiv mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa hoi kitandani na madaktari wameshamkatia tamaa. Majirani walipopeleka maua walimkuta ameketi jikoni, anakula uji. "Nimesoma gazetini kwamba nimeshakufa," aliwaambia. "Sasa nilale pale nikingoja nini?"

Mhariri hakucheka. Gunnvor akafukuzwa. Mzee Torleiv sasa ana miaka tisini na sita, na majira haya ya baridi ameteleza kwa skii hadi dukani kufuata tumbaku.

Bila kazi, Gunnvor alijifungia kibandani milimani akaandika riwaya yake ya kwanza, Mlango wa Chini. Iliuzwa kama mkate. Wenzetu wakipanda milimani siku za Pasaka hutaka jua, machungwa, chokoleti na maiti, na hakuna aliyewapa maiti nzuri kama yeye. Kampuni ikamchukua. Alikuja na mashine yake ya kuchapia, glavu zilizokatwa ncha za vidole, na dagaa wa kopo aliowala mezani kila siku mpaka leo. Hatutawakumbuka hao dagaa.

Kwa mswada wake wa kwanza alihitaji jina la marehemu. Mwalimu Aslaug Moen, mpenda masihara, akamwambia, "Niue mimi, shule imenichosha." Gunnvor akamuuliza anaogopa kifo gani kuliko vyote. Aslaug, huku akimmiminia kahawa, akajibu: kufukiwa na theluji. Basi akafukiwa na theluji, sehemu ya kwanza, kabla hata majina ya waigizaji hayajapita. Wiki iliyofuata theluji ya mlimani iliporomoka kweli ikaibeba nyumba ya Aslaug. Waokoaji walimchimbua chini ya ngazi, mzima, ameshika chupa ya kahawa ambayo bado ilikuwa ya moto, akiwagombeza kwa kukanyaga zulia na viatu.

Tangu hapo watu walikuja wenyewe kuomba wauawe. Walikuja na nyama ya kondoo iliyokaushwa, na chapati za viazi, na aibu kidogo. Gunnvor aliwafokea: "Mimi ni mwandishi, si mganga. Nendeni hospitali." Lakini alimchagua mmoja kila mwaka, na utaratibu haukubadilika: anayekufa hutaja kwa kinywa chake kifo anachokiogopa, kisha yeye ndiye humimina kahawa. Kumimina ndiko kukubali. Na kifo kikishaandikwa na kuonyeshwa, kinakuwa kimetumika. Kila aliyeuawa na Gunnvor bado yuko hai, na baadhi yao kwa umri walio nao wanatutisha kidogo.

Wahariri wetu wa picha wanajua jambo jingine. Ukiisimamisha picha pale maiti inapofunuliwa, uso unaouona si wa mwigizaji. Ni wa yule aliyemimina kahawa. Mimi nimetazama mara moja. Sitaki tena.

Mtu mmoja tu alikataa, naye alikuwa mumewe. Halvard aliendesha mtambo wa kutengeneza njia za skii, mtu mkubwa, mcheshi, asiyependa makuu. Kila vuli Gunnvor alimsogezea birika, na kila vuli alilirudisha. "Nife mbele ya dada zangu wote, wao wanamenya machungwa? Hapana, mke wangu." Miaka sita iliyopita barafu ya ziwa Kvernvatnet ilifunguka chini ya mtambo wake. Ziwa lile lina kina kirefu, na hakupatikana. Gunnvor alileta mswada wa mwaka ule kwa wakati wake, nasi tukamsifu kwa uhodari. Nadhani hatukupaswa kumsifu. Tulipaswa kwenda kukaa naye.

Sasa anasema atastaafu kwenye kibanda chao kando ya ziwa hilohilo. Kabla ya Pasaka alitueleza sababu, wakati wa chakula cha mchana, akipaka siagi mkate wake. "Halvard anabisha," alisema. "Kutoka chini. Polepole tu, kama mtu aliyesahau ufunguo. Nikitembea juu ya barafu ananifuata, nikisimama anabisha pale niliposimama." Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha.

Mwezi Machi nilikwenda kupima unene wa barafu ya Kvernvatnet, maana tulikuwa tumepanga kupiga picha pale. Jua lilikuwa kali, hakuna upepo. Niliweka chini kekee ya kutobolea barafu nijifute jasho, na nikasikia. Nilisogea hatua chache, nikasikia tena, chini ya buti zangu. Niliporudi ofisini niliwaambia kwamba mwanga wa pale haufai, na tukapiga picha kwenye ziwa jingine.

Kwa hiyo nitasema wazi: tunaogopa. Tunaogopa kwamba Gunnvor haendi kule kupumzika, anakwenda kumfuata. Na yeye aliyewakinga watu wa bonde zima hawezi kujiandika mwenyewe, kwa sababu lazima mkono uwe wa mtu mwingine.

Ndipo wiki ile kabla ya Jumapili ya Matawi nikamsogezea birika. Nikamuuliza anaogopa kifo gani kuliko vyote.

Aliliangalia birika. "Eivind, wewe hata kadi ya Krismasi inakushinda."

"Nitajitahidi."

"Utajaza vivumishi."

"Sitaweka hata kimoja."

Alitazama dirishani, upande wa ziwa. "Naogopa kwamba siku moja nitamfungulia," alisema. Kisha akalishika birika kwa mikono miwili, akamimina, kikombe changu kwanza. Alijua vizuri anachokifanya. Ndiye aliyeutunga utaratibu huo.

Basi, kama ilivyo desturi:

Gunnvor Teigland alikufa asubuhi ya Pasaka, juu ya ziwa Kvernvatnet. Alitoka kibandani bila skii. Alitembea mpaka katikati. Chini ya barafu kitu kilimfuata. Aliposimama, kilisimama. Alipiga magoti, akavua glavu, akaweka kiganja kwenye barafu. Kutoka chini pakabishwa hodi. Gunnvor akasema, "Karibu." Barafu ikafunguka. Ilipofika adhuhuri, nyayo zake zilikuwepo hadi katikati ya ziwa, na hazikurudi.

Hilo limeshaandikwa. Nakala zimegawiwa kwa wafanyakazi wote, na gazeti la bondeni limekubali kulichapa Jumamosi kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo aliouchapa zamani, safari hii bila kosa. Mzee Torleiv atalisoma kwa sauti ukumbini, kwenye sherehe ya Ijumaa ya kumuaga, kabla ya keki kukatwa.

Gunnvor, tunakushukuru kwa riwaya, kwa filamu, na kwa kila mmoja wetu ambaye angekuwa kaburini kama usingemuua mapema. Tunakupenda, ingawa hatukuwahi kukuambia, maana hapa hatuambiani. Tunakutakia uzee mrefu na mkaidi, na kahawa ambayo haipoi. Kaa kibandani kwako, funga mlango, kula dagaa wako. Na akibisha, mwambie umeshakufa.