Yustina Kobero na Neno la Kila Asubuhi

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kihonda mliopanda na sisi mpaka huku mlimani, wafanyabiashara wenzake wa sokoni, na ninyi watani wetu Wanyamwezi, ambao tangu alfajiri mmelikalia jembe mkidai kaburi halichimbwi mpaka mlipwe kuku, familia imenipa mimi Andrea, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninawaomba watani mnivumilie nimalize, kuku wenu wapo, wanadonoa nyuma ya nyumba.

Marehemu Yustina Ernest Kobero alizaliwa tarehe 14 Septemba 1955, hapa hapa Mkuyuni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ernest Kobero na Mama Pili, ambao wote wametutangulia. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, tena haulizi mara moja akaridhika, hata bibi yetu alikuwa akimfukuza jikoni kwa mwiko, si kwa utundu wala udokozi, bali kwa maswali.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kufika darasa la nne mwaka 1967, akakomea hapo, kwa sababu nafasi za darasa la tano zilikuwa chache na waliofaulu walikuwa wengi, akarudi shambani kwa mama akiwa anajua kusoma, kuandika, kujumlisha na kutoa, pamoja na kile Kiingereza cha kumwamkia mwalimu asubuhi, ambacho yeye alikuwa akikitumia hata jioni.

Mwezi Aprili 1979 alishuka mjini Morogoro na kuajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya kufuma, akafanya kazi hiyo kwa bidii hadi mwaka 1994 alipopunguzwa pamoja na wenzake wengi, na baada ya hapo akafungua meza sokoni ya kuuza viungo vya huku kwetu, mdalasini, karafuu, pilipili manga na binzari, biashara iliyosomesha watoto wake na kuwalisha baadhi ya ninyi mnaoniangalia hapa.

Huko kiwandani ndiko alikokutana na fundi umeme mmoja kutoka Tabora, Bwana Amosi Mihayo, ambaye kwa kuwa ni mtani alianza kumwita dada yangu “mke wangu” siku ya kwanza kabla hajamjua jina, na utani ukageuka kweli, wakafunga ndoa tarehe 7 Juni 1980. Mungu aliwajalia watoto wawili, Oscar, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1982 na sasa anafanya kazi Dar es Salaam, na Jesca, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1986 na sasa yuko chuoni Mzumbe, idara ya utawala, pamoja na wajukuu wanne. Nyumba yao ya Kihonda waliijenga wenyewe, tofali kwa tofali, na wenye kuifahamu wanajua kwamba mlango wake haukuwa unafungwa mchana.

Sasa nifike mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au paachwe, tukakubaliana pasomwe, kwa sababu bila hapo mtamwelewa Yustina nusu.

Mwezi Machi 2009 shemeji yetu Amosi aliugua figo akalazwa hospitalini. Tarehe 19, siku ya Alhamisi, madaktari wawili walisimama pembeni ya kitanda chake wakazungumza kwa Kiingereza, sauti zao zikiwa za upole, na dada yangu akiwa amesimama upande wa miguu alikuwa akiwatazama na kutabasamu, akiitikia kwa kichwa, maana watu wakizungumza mbele yako huwezi kukaa kama gogo, na walipoondoka aliwaambia, “Asanteni sana waganga wetu, Mungu awabariki,” kisha akaondoka na moyo mweupe kwenda Kihonda kumchemshia mumewe supu ya kuku. Aliporudi na chupa ya supu alikuta kitanda kimetandikwa shuka jipya. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu, alimshangaa, akamwambia, “Mama, mimi nilidhani umekwenda kuwaita ndugu. Si walisema mbele yako? Walisema ni leo.”

Dada alimwomba amtajie neno lenyewe kama lilivyotamkwa, naye akamtajia: today. Neno ambalo mtoto wa chekechea wa siku hizi analiimba, ndilo lililomnyima Yustina kumuaga mume wake. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na yeye aliambiwa usoni kabisa, akashukuru.

Baada ya arobaini alimwita fundi seremala, akamtengenezea ubao mdogo mweusi, akautundika pembeni ya mlango wa jikoni, na asubuhi ya kwanza akaandika kwa chaki neno hilo hilo. Kesho yake akaandika lingine, na keshokutwa lingine, na hivyo ndivyo alivyoishi tangu hapo, akimaliza sala na kufagia uwanja anaandika neno moja jipya la Kiingereza, alilolitoa kwenye boksi la dawa, kwenye redio, kwenye gunia la mbolea, au kwa wateja wake wanafunzi, ambao walikuwa wakilipa nusu ya bei ya mdalasini kwa neno lenye maana yake. Akaweka na sheria ya nyumba, kwamba yeyote atakayeingia, awe mtoto, mgeni, fundi bomba au mimi mdogo wake niliyetoka Mkuyuni na njaa, hapewi chai mpaka alitumie neno la siku hiyo katika sentensi. Baba Paroko wa wakati ule ni shahidi, maana alipotembelea jumuiya siku ya neno la utamu wa chakula, dada alimshika mkono akamwambia mahubiri yake ya Jumapili yalikuwa delicious, na padre akajibu kwamba basi ataendelea kupunguza chumvi.

Tulicheka sana, na yeye alikuwa radhi tucheke. Kiingereza chake kilikuwa nyama isiyo na mifupa, maneno mengi yasiyo na cha kuyashikiza, kwa hiyo alipokisema kilianguka kila upande, na watoto wake waliosoma walikiona kuwa ni mchezo wa mama, Oscar akawa anamletea maboksi ya chaki kila sikukuu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kusikia si kusema. Mtu anaweza kushindwa kuvuka mto na bado akayaona vizuri yaliyo ng'ambo.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kulalamika tumbo na mgongo, akapungua, chakula kikamkataa. Tarehe 11 Juni 2025, Oscar na Jesca walimpeleka kusikiliza majibu ya vipimo, na daktari alipotaka kuanza kueleza, Oscar alimwomba atumie Kiingereza, ili mama asishtuke. Wazazi wenzangu mtaelewa, watoto wetu hufanya hivyo kwa mapenzi, tunawalipia ada wajifunze lugha hiyo, kisha wanaitumia kutuficha magonjwa yetu wenyewe. Daktari akaeleza kwamba ni saratani ya kongosho, kwamba imesambaa mpaka kwenye ini, na Oscar alipouliza muda akajibiwa kwamba Krismasi ni mbali. Dada yangu alikuwa amekaa kati yao amepakata mkoba wake, akitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Jesca akamgeukia na uso wa furaha aliouazima sijui wapi, akasema, “Mama, ni vidonda vya tumbo, utapona,” naye akajibu, “Haya mwanangu, tumshukuru Mungu,” akampa daktari mkono.

Haya tunayajua kwa sababu alitusimulia mwenyewe baadaye. Alisema safari hii kila neno lililopita pale mezani alilijua, alikuwa ameshaliandika kwa mkono wake siku fulani, na kwamba kuumwa hakukumuumiza kama kuona wanawe wanakwenda mahali alipokwenda yeye mwaka 2009, na chupa ya supu mkononi, wamechelewa. Hakutaka kuwaaibisha, alitaka wamwambie wenyewe. Akawa anawategea kwa ubao. Siku moja aliandika neno la ukweli, Jesca, aliyekuwa amehamia Kihonda kumuuguza, akasema wanasiasa hawana. Siku nyingine aliandika neno la ujasiri, Jesca akatunga sentensi kuhusu mbwa wa jirani, akanywa chai yake, akatoka nje kulia nyuma ya tangi la maji, na mama mtu akamwona kupitia dirisha la jikoni.

Wakati huo Oscar alikuwa anapanga kumpeleka Dar es Salaam kwa upasuaji mkubwa, ingawa daktari alikuwa ameonya kwamba hautamponya, lakini kijana mwenye gari na kadi ya bima halipokei kirahisi neno haiwezekani. Jumamosi ya tarehe 5 Julai alifika asubuhi kumchukua. Begi lilikuwa limefungwa, chai iko mezani, na maandazi, na mimi nilikuwepo, maana nilishuka kumuaga. Oscar akaingia akisema, “Shikamoo mama, twende mapema tukwepe foleni,” akavuta kiti, na kwa mazoea akageuza macho kwenye ubao. Palikuwa pameandikwa spread, lile neno la daktari, kusambaa.

Dada akamimina chai, akaisogeza mbele ya mwanawe, akaishikilia sahani kwa kidole, akasema taratibu, “Sema, baba. Sheria unaijua, bila neno hakuna chai.” Oscar, mwanamume mwenye ndevu, anayesimamia watu kazini, alianza kudondosha machozi kwenye shati lake la safari, na Jesca akateleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti akaficha uso kwenye mapaja ya mama yake. Chai ikapoa na utando juu. Basi Yustina akalitumia neno mwenyewe, kwa kile Kiingereza chake kisicho na mifupa, akisema imesambaa, najua, leo tuzungumze, akaligeuza kwa Kiswahili ili na mimi mdogo wake wa mlimani nisibaki nje: “Nilimkosa baba yenu kwa neno moja. Ninyi msinikose mimi na maneno yote mnayo.”

Siku hiyo begi lilifunguliwa. Walizungumza mpaka jua likazama, kuhusu ugonjwa, kuhusu shamba la karafuu, kuhusu baba yao, na kuhusu mambo ambayo mtoto na mama huyaweka kiporo miaka na miaka wakidhani muda upo. Aliomba arudishwe hapa kwenye ardhi ya mama yetu, na tarehe 12 Julai tulimpandisha, ubao akiwa ameupakata kwenye gari. Aliwaita watu mmoja mmoja, akaomba radhi alikokosea, akadai radhi alikokosewa, kwani dada yangu hakuwa malaika na haki yake aliipenda, na kila asubuhi aliandika neno, mkono uliposhindwa alimtajia Jesca akaandika. Tarehe 14 Septemba tulimwimbia miaka sabini.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025, aliamka mweupe wa uso na macho maangavu, Jesca akafurahi akidhani kuna nafuu, akajifunga khanga aende nyuma kukamata kuku amchemshie mama supu. Dada akamshika kifundo cha mkono. Akasema neno moja tu, lile la kwanza kabisa, today. Jesca akafungua khanga yake, akakaa kitandani, akampigia simu kaka yake, na Oscar akafika saa nane mchana, akamkuta anamtambua, wakamshika huyu huku na huyu huku, akaaga, akaagwa, na saa kumi jioni akapumua mara ya mwisho. Supu haikupikwa. Kuku yule yuko hai mpaka sasa, ni huyu mwekundu anayepita miguuni mwenu, watani, na huyo hamtapewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule daktari ambaye, tulipomrudia mwezi Julai, alimwomba mama radhi akamweleza yote upya kwa Kiswahili. Tunawashukuru majirani wa Kihonda, jumuiya ndogondogo, wenzake wa kiwandani na sokoni mliofunga meza zenu leo, Baba Paroko, na watani wetu, ambao mnatuchekesha siku ambayo peke yetu tusingeweza. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, pokeeni wote asante yetu.

Ubao wake uko mlangoni mwa nyumba hii, na asubuhi Oscar ameuandika, ndiyo maana wengine mlinyimwa chai mkadhani tuna uchoyo. Ameandika thank you, mkitoka makaburini mpite, mlitumie, mnywe.

Dada Yustina, leo ni leo, nasi tupo wote, hakuna aliyekwenda kupika. Lala kwa amani.