Sista Aleyamma na Karamu Tuliyoionea Haya

Tarehe 31 Mei Sista Aleyamma Varkey anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuguza watoto hapa Kottayam, kusini mwa India, mingi kati yake katika kliniki ya waliopandikizwa ini. Wazazi wanamheshimu, madaktari wanamwogopa. Aliwahi kumtoa mkuu wa idara wodini kwa kosa la kupiga chafya.

Ametukataza kumpamba. Ametaka tuandike habari za Ambili, nasi tunatii, ingawa aibu ile ni yetu sote.

Ambili alipewa kipande cha ini na baba yake akiwa na miaka tisa. Alipona vizuri, na daktari akamruhusu kurudi shule na kucheza na wenzake. Onam, sikukuu yetu ya mavuno, ikafika, tukatandika majamvi ukumbini na kupanga majani ya mgomba ya kulia chakula. Watoto wetu sisi wafanyakazi wakaketi kwa safu. Lakini jani la Ambili Sista aliliweka peke yake karibu na mlango, kwa kuogopa asiambukizwe mafua.

Bibi yake, Chirutha, aliyekuja naye, alikulia enzi ambazo watu wa tabaka lake walilishwa uani kwenye nyumba za wakubwa. Akainuka.

"Sista, nilidhani mmemtibu ini. Kumbe mmemrudisha uani."

Akamshika mjukuu mkono wakaondoka. Tulitazama majani yetu, hakuna aliyewafuata.

Baada ya wiki chache majibu ya vipimo yakawa mabaya. Ambili alikuwa akitema kwa siri dawa za kuzuia mwili usilikatae ini, na ini alilopewa na baba yake lilikuwa linaharibika. Mama yake alipombana, alijibu, "Nilipokuwa naumwa nilikula na watu. Nimepona, nakula peke yangu. Bora niumwe."

Sista akafunga safari hadi kwao kuomba radhi. Chirutha alimsikiliza, kisha akamwandalia wali na mchuzi wa samaki barazani, peke yake, wenyewe wakila ndani. Sista alikula kwa aibu, machozi yakimtoka, wala hakuuliza kwa nini.

Hajafika nusu, Ambili akatoka na sahani yake.

"Sogea basi, Sista."

Wakala pamoja, kisha mtoto akameza dawa zake.

Tangu hapo kliniki yetu haimwachi mtoto aende bila kumuuliza anacheza na nani, anakula na nani. Swali hilo ni la Sista, na tunamshukuru kwalo kuliko yote.

Sista, tunakuombea afya, na nyumba yenye watu kila saa ya kula.