Mzee Tobiko, Aliyezaliwa Supeet

Wazee wetu, majirani wa Daa, nanyi mliotoka Kakesio jana mkalala Karatu ili mtuwahi, mimi ni Felista, mtoto wake wa kwanza, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu. Wapo waliotaka asome mwanamume, lakini baba alinichagua mwenyewe kwa sababu, alisema, nina sauti ya kuitia mbuzi.

Baba, mnayemfahamu kama Tobiko Lekishon, alizaliwa Kakesio mwaka 1956, mtoto wa tatu wa mzee Lekishon na bibi Nanyori, akapewa jina la Supeet, na nawaomba radhi wazee kwa kulitaja, sababu yake inakuja. Alisoma Endulen kuanzia 1966 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1972, alitoroka mara mbili kurudi kwa ng'ombe, na mara zote mbili bibi alimrudisha kwa miguu.

Mwaka 1977 alijiunga na mgambo Loliondo, na Novemba 1978, vita vya Kagera vilipoanza, alipelekwa mstari wa mbele kubeba mabomu ya mzinga, pamoja na Nikodemu, kijana wa Kiiraqw wa hapa Daa, ambaye leo ameketi pale mbele na fimbo yake. Kwa kuwa morani wa Kimaasai hali chakula peke yake, baba alimlazimisha Nikodemu kula naye kila mlo, hata akiwa ameshiba, na urafiki wao ulianzia hapo.

Tarehe 11 Machi 1979, karibu na Lukaya nchini Uganda, kipande cha bomu kilimpiga kifuani, Nikodemu akamwona akibebwa amefunikwa blanketi hadi usoni, akaamini amekufa, na alipopewa ruhusa alifunga safari hadi Kakesio kumpa bibi habari hiyo. Bibi Nanyori alinyoa nywele, akavua shanga, ng'ombe wa baba wakagawanywa kwa ndugu zake, na kwa desturi yetu jina la kijana aliyekufa halikutajwa tena, hata mtoto wa jirani aliyeitwa hivyo alibadilishiwa jina.

Tarehe 2 Septemba 1979 baba aliingia bomani kwa miguu, akitoka hospitali Mwanza, na sanduku lake la bati begani, wanawake wakakimbia, na aliyempokea vizuri alikuwa mbwa. Wazee walichinja kondoo, wakampa jina la Tobiko, maana la kwanza lilikwisha kuombolezwa, na ng'ombe walirudishwa wote, isipokuwa dume mwekundu ambaye baba mdogo hadi leo anasema alipotea. Bibi alimshika kichwa, akalia, akampa maziwa, lakini hakumwita Supeet, akiogopa kuyaita mauti yarudi, na hakuwahi kumwita hivyo hadi alipofariki mwaka 1994. Jambo hilo lilimuumiza sana baba. Aliniambia kwamba jeshini walimwita kila asubuhi akaitika, ila nyumbani, alikotaka hasa kuitwa, alikuwa marehemu.

Alimuoa mama yetu Nasieku mwaka 1982, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1986 alipata kazi ya ulinzi kwenye kambi moja ya watalii hapa Karatu, hadi siku tairi la gari lilipopasuka, naye akawaamuru wageni kumi na mmoja walale kifudifudi kwenye matope, wakalala, hata meneja alilala, na kesho yake meneja akamwachisha kazi.

Miaka iliyofuata haikuwa mizuri, na sitaipamba. Alikunywa, alipotea siku nyingi bila kusema aliko, tulimwogopa, na mwaka 1991 mama alituchukua kwenda kwao Enguserosambu. Aliyemfuata baba vilabuni ni mzee Nikodemu, ambaye alijilaumu kwa habari aliyoipeleka Kakesio, akampa kipande cha shamba hapa Daa, wakalima pamoja kila asubuhi, na huko shambani, mbali na masikio ya wazee, alimwita Supeet, na baba aliitika. Pombe aliiacha kidogo kidogo, na mwaka 1993 alikuja kutuchukua akiwa amevaa koti la Nikodemu, lililombana mabegani.

Alianza kuugua mapafu mwaka 2022, akafariki hospitalini Karatu Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia amri zake, majirani waliotuletea kuni na maziwa, askari wenzake wa zamani, na mzee Nikodemu, ambaye kwetu ni baba.

Wiki mbili kabla ya kufariki baba aliniambia kwamba wengine majina yao hunyamazishwa siku kama ya leo, lakini lake lilinyamazishwa miaka arobaini na mitano yeye akiwa hai, kwa hiyo leo litajwe. Jana tuliwapelekea wazee ombi hilo, wakakaa tangu mchana hadi ng'ombe waliporudi, wakajibu kwamba jina hilo lilishaombolezwa mwaka 1979, na haliombolezwi mara mbili, basi litajwe. Mama yetu, ambaye maisha yote ya ndoa amemwita Baba Felista, ameomba awe wa kwanza kumwita kwa jina hilo.

Pumzika salama, baba yetu. Mimi nanyamaza. Mama, mwite.