Video za Penalti na Mechi ya Muyinga

Ndugu zangu wa Buhinyuza, asanteni kwa kunipisha mbele. Wazazi wangu mnawajua, tulirudi nao kutoka Tanzania wakaanza kulima hapa. Mimi kazi yangu golini. Nakaa kwa shangazi pale Yoba, mjini Gitega, nadakia timu ya akina dada ya huko.

Msimu uliopita nilianza kufungwa mabao ya kijinga. Mpira nauona, mwili unachelewa. Nikajaza simu video za penalti, nikawa naziangalia kabla ya mazoezi mpaka wenzangu wanamaliza kufunga viatu. Nilidhani ndiyo mazoezi yenyewe! Msicheke, akina mama. Kocha akaniambia, "We dada, uko unachelewa tu. Ukifungwa vile tena kule Muyinga, gants, hizo glavu zako, napatia mwingine." Niliogopa sana, maana nje ya goli sikujua mimi ni nani.

Kabla ya mechi hiyo ya Muyinga nikaja kulala hapa nyumbani, maana ni karibu zaidi. Simu nikaiacha kwa kinyozi wetu, ichaji kwenye sola yake. Asubuhi nafika, kafunga, kaenda msibani. Nililia pale mlangoni. Nikapanda pikipiki bila simu, njia nzima naangalia migomba na watu wa sokoni.

Ndugu zangu, nawaambia, siku hiyo nilidaka kila kitu. Mwishoni wakapata penalti. Mpigaji akaweka mpira chini, akaitupia jicho kona moja, haraka, kisha akajifanya anatazama kwingine. Nikaruka kona ileile. Nikaudaka!

Kumbe kabla ya kupiga huwa wanaangalia kona wanayoitaka! Video zangu zote zilianzia mguu ukigusa mpira, macho ya mpigaji sikuwahi kuyaona.

Nikataka kujua kama ni bahati tu. Nilivyorudi Gitega, leo natazama video kabla ya mazoezi, kesho simu namwachia shangazi. Akaniuliza, "Simu iko na ugonjwa gani, mbona unanipatia nilinde?" Nilipomweleza, akawa kila jioni anadai matokeo. Siku za video nilichelewa, karibu zote. Kichwani kunatokea nini, bado najiuliza.

Nawashukuru kocha kwa kuniambia ukweli, shangazi kwa kulinda simu, na kinyozi wetu, ambaye mpaka leo ananiomba msamaha. Golini bado nipo mimi.

Vijana mnaocheza, msinisadiki tu, jaribuni wenyewe. Mimi simu ilinionyesha wapigaji wa dunia nzima, nikawa simwoni huyu aliyesimama mbele yangu.