Nukta Nyekundu Kwenye Kona ya Trei

Ijumaa hii, tarehe 30, mwenzetu tunayemwita Mama Lebo anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu. Alianza akiosha chupa. Anastaafu akiwa mratibu wa sampuli katika ushirikiano wa utafiti wa nchi tatu jirani, na hakuna anayejua vizuri nani atajibu simu zake kuanzia Jumatatu.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Birika la chai lina lebo, mwavuli wake una lebo, na mkuu mmoja wa idara aliwahi kukuta kiti chake kimebandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Alicheka, lakini kiti kilibadilishwa. Mumewe anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo, na yeye hujikagua mgongo wa shati kabla ya kutoka.

Ushirikiano ulipoanza, kila nchi ilikuwa ikipima homa kivyake, na mgonjwa akivuka mpaka anaanza upya. Mama Lebo alisafiri na visanduku vya barafu, akakaa na wenzake wa huko mpaka wakakubaliana namna moja ya kupima na kusoma majibu. Kipimo cha homa kinachotumika leo hadi zahanati ndogo kilijaribiwa kwa utaratibu huo. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka humwita dada mkubwa, naye huwagombeza kama wadogo zake kweli.

Nisipoeleza habari ya trei ya kupangia sampuli, nitakuwa nimeandika nusu. Miaka tisa iliyopita maabara zote zilipewa sampuli zile zile ili zipimane uwezo. Majibu yetu yakatoka tofauti kabisa na ya wengine, na kikao cha kuamua kama tubaki kwenye utafiti kilikuwa baada ya siku tatu. Mkuu wetu wa wakati ule akapendekeza tuseme sampuli ziliharibika njiani. Maana yake lawama zingemwangukia dereva wa nchi jirani aliyezileta, mtu ambaye daftari lake la joto la kisanduku halikuwa na dosari hata moja.

Mama Lebo aliomba siku moja tu. Akaichukua karatasi ya majibu, akaisoma kutoka chini kwenda juu, na kila jibu likakaa mahali pake. Trei ilikuwa imeingizwa kwenye mashine ikiwa imegeuzwa, sampuli ya kwanza ikasomwa kama ya mwisho. Akawaandikia washirika wote barua fupi: kosa ni letu, dereva hahusiki, tumepima upya na majibu ni haya. Mkuu alinuna wiki nzima. Washirika hawakututoa, walituomba tusimamie ukaguzi wa ubora kwa nchi zote.

Kisha akachukua rangi ya kucha ya binti yake, yeye ambaye hajapaka kucha maishani, akatia nukta nyekundu kwenye kona ya kila trei, kuonyesha upande wa sampuli ya kwanza. Nukta hiyo sasa imo kwenye mwongozo wa pamoja, ukurasa wa nne, na mikutanoni inaitwa ubunifu. Binti hadi leo anaulizia chupa yake.

Barua ile haikumtaja aliyegeuza trei. Mkuu aliuliza jina mara mbili, akajibiwa kwamba iliyokosea ni maabara. Aliyegeuza ni mimi ninayeandika haya. Nilikuwa na miezi mitano kazini, bado nikiwa kwenye kipindi cha majaribio, na ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Kesho yake alinipa trei nyingine nipime, akasimama pembeni mpaka nikamaliza.

Mama Lebo, sisi sote na wenzetu wa nchi jirani tunakushukuru. Kapumzike na mzee na wajukuu, kwa afya na furaha tele. Jina ulilonifichia miaka tisa nimelitaja mwenyewe mbele ya wote, maana sikutaka ustaafu ukiwa bado umenibebea kosa langu.